Umri wa Faili na Saa Zinazoupima: Mwongozo kwa Watunzaji wa Picha za Wanyama, Karatu na Ngorongoro

Umri wa faili ni tofauti kati ya nyakati mbili: wakati uliogongwa kwenye faili lenyewe, na wakati unaoonyeshwa na saa ya kompyuta pale hesabu inapofanywa. Hesabu hiyo ni ya kutoa tu, na mstari mmoja wa amri huimaliza. Kazi kubwa imo katika kujua ni muhuri upi utumike, na ni saa ipi iliyougonga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaotunza picha za wanyama katika eneo la Karatu na Ngorongoro, yaani watafiti, waongoza watalii na wenye kambi, ambao hurudi na kadi za kumbukumbu kutoka Ndutu, Empakaai au sakafu ya kreta, wakazimimina katika kompyuta moja, kisha wakahitaji kujua ni picha zipi ni za juzi, zipi ni za msimu uliopita, na zipi zimekaa muda mrefu kiasi cha kuhamishiwa kwenye hifadhi ya kudumu.

Kamera za kutega, ambazo hufungwa kwenye mti au nguzo na kujipiga picha zenyewe mnyama apitapo mbele yake, ndizo zinazoleta mafaili mengi kuliko mkono wa mtu unavyoweza kupiga. Katika Serengeti, inayopakana na Hifadhi ya Ngorongoro, mradi wa Snapshot Serengeti ulioanza mwaka 2010 ulitandaza kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Katika kazi ya namna hiyo kila picha hubeba mambo mawili, mnyama na wakati, na la pili lina uzito sawa na la kwanza. Picha ya fisi isiyo na saa ya kuaminika inaeleza tu kwamba fisi yupo, jambo ambalo kila mkazi wa Ngorongoro analijua. Picha yenye saa ya kweli inaeleza fisi huyo hupita lini, amemfuata mnyama gani, na baada ya muda gani.

Amri zinazofuata huandikwa katika terminali, yaani dirisha ambamo mtumiaji huipa kompyuta maagizo kwa maandishi badala ya kubofya picha ndogo za kwenye kioo. Mifano imepimwa kwa Linux. Kwa baadhi ya amri tofauti ya macOS imeelezwa, kwa kuwa amri yenye jina lilelile hupokea vitufe tofauti, yaani herufi za ziada kama -c au -f, katika mifumo hiyo miwili.

Faili moja huwa na mihuri mitatu ya muda, na katika mifumo mingi ya kisasa minne. Wa kwanza huitwa mtime, nao unaonyesha ni lini yaliyomo ndani ya faili yalibadilishwa kwa mara ya mwisho. Kwa picha ambayo haijahaririwa, huo ndio wakati kamera ilipoiandika kwenye kadi. Wa pili ni ctime, ambao wengi hudhani kwa makosa kuwa ni wakati wa kuundwa kwa faili, ilhali unaonyesha ni lini maelezo ya faili, kama vile jina lake, mmiliki wake au ruhusa zake, yalibadilishwa kwa mara ya mwisho. Wa tatu ni atime, wakati faili liliposomwa mara ya mwisho, lakini huu haufai kwa hesabu ya makini, kwa sababu tangu toleo la 2.6.30 la kiini cha Linux, lililotoka mwaka 2009, kawaida ya mfumo ni kuuandika kwa nadra tu ili kupunguza kazi ya diski. Wa nne ni wakati wa kuzaliwa kwa faili katika diski husika, ambao mifumo mingine huuhifadhi na mingine haiuhifadhi kabisa.

Tofauti ya mtime na ctime inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kwa jicho la Oldupai, bonde lililo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Fuvu la Zinjanthropus liliokotwa hapo na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na mwaka 1961 ukatangazwa umri wa miaka milioni 1.75, uliopatikana kwa kupima potasiamu na argoni katika majivu ya volkano ya tabaka lilimokutwa. Tarehe ya kuokotwa ni ya kweli, na umri wa tabaka ni wa kweli pia, lakini hakuna mtaalamu anayeweza kuweka kimoja mahali pa kingine, kwa kuwa kimoja kinajibu ni lini fuvu lilifika mikononi mwa watu na kingine kinajibu ni lini mwenye fuvu aliishi. Kwa faili, mtime ni tabaka na ctime ni kuokotwa. Picha iliyopigwa Ndutu mwezi Februari na kuingizwa katika kompyuta ya Karatu mwezi Juni ina umri wa aina mbili, na anayeuliza umri wake hana budi kwanza kusema ni upi anaoutaka.

Mihuri yote ya faili moja huonekana kwa amri ifuatayo, ambamo jina la picha ni la mfano tu:

stat IMG_0412.JPG

Jibu lake hutolewa kwa tarehe na saa zinazosomeka, lakini kwa hesabu ni afadhali kuomba namba tupu. Kompyuta za ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu saa 6 kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu iitwayo UTC, ambayo kwa Tanzania, iliyo mbele kwa saa tatu, ilikuwa saa 9 usiku. Kila siku huhesabiwa kuwa na sekunde 86,400 kamili. Kwa kuwa muhuri wa faili na saa ya sasa vyote huhifadhiwa kwa hesabu hiyohiyo ya UTC, umri wa faili haubadiliki hata kompyuta ikisafirishwa kutoka Karatu hadi Minnesota. Kinachobadilika ni namna tarehe zinavyoandikwa kwenye kioo. Sekunde za mtime hupatikana hivi:

stat -c %Y IMG_0412.JPG

Katika macOS huandikwa stat -f %m. Sekunde za wakati uliopo hupatikana katika mifumo yote miwili kwa amri hii:

date +%s

Ichukuliwe picha iliyopigwa tarehe 15 Juni 2024, saa 12:30 jioni, na hesabu inayofanywa tarehe 25 Juni 2024, saa 2 kamili asubuhi. Muhuri wa picha ni sekunde 1718465400 na saa ya kompyuta ni 1719291600, kwa hiyo tofauti ni sekunde 826,200. Zikigawanywa kwa 86,400 hupatikana siku 9, na masalia ya sekunde 48,600, ambayo ni saa 13 na nusu. Kompyuta yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo yote kwa folda nzima, kwa maagizo haya mafupi:

sasa=$(date +%s)
for f in *.JPG; do
  u=$(( sasa - $(stat -c %Y "$f") ))
  echo "$f: siku $((u/86400)) saa $((u%86400/3600)) dakika $((u%3600/60))"
done

Alama ya kufyeka inagawanya na kutupa masalia, na alama ya asilimia inabakiza masalia yenyewe. Wakati wa sasa unasomwa mara moja tu mwanzoni, ili picha ya kwanza na ya elfu mbili zipimwe kwa kipimo kimoja, na alama za kunukuu zinazozunguka jina la faili hazipaswi kuachwa, kwa sababu jina lenye nafasi ndani yake, mfano chui Lerai 2.JPG, bila alama hizo litasomwa kama majina matatu tofauti.

Ni vyema ikumbukwe kwamba umri wa siku 9 uliopatikana hapo juu haulingani na hesabu ya kalenda, ambayo kutoka tarehe 15 hadi 25 inatoa siku 10. Amri ya find, itumikayo kutafuta mafaili kwa sifa zake, inafuata hesabu ya saa 24 kamili na kutupa masalia, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Agizo hili:

find . -name '*.JPG' -mtime +9

halitaitaja picha ya mfano, kwa kuwa alama ya kujumlisha inadai zaidi ya siku 9 kamili baada ya masalia kutupwa, yaani angalau siku 10. Anayetaka mafaili yaliyotimiza siku 9 na kuendelea ataandika -mtime +8. Pale ambapo mpaka ni tarehe inayojulikana, kama siku timu ilipobadilisha kadi, ni bora kuacha hesabu ya siku na kutaja tarehe yenyewe:

find . -name '*.JPG' -newermt '2024-06-15 12:00'

Saa iliyoandikwa hapo ni ya mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, na jambo hili linahitaji uangalifu, kwa kuwa fomu za porini hujazwa kwa saa za Kiswahili. Askari wa wanyamapori anayeandika kwamba faru alionekana saa 2 usiku anamaanisha 20:00 ya kompyuta, na anayeandika saa 9 usiku wa kuamkia Jumanne anamaanisha 03:00 ya Jumanne. Fomu ikiingizwa katika jedwali bila kubadilishwa, itapishana na mihuri ya picha kwa saa sita, na mtafiti atamtafuta faru kwenye picha za mchana. Vilevile programu zinazoandika tarehe kwa UTC huzitupa picha zote za kati ya saa 6 na saa 9 usiku kwenye tarehe ya siku iliyotangulia. Na kwa chui, nungunungu na wengine watembeao usiku, saa hizo tatu haziwezi kupuuzwa. Kinga yake ni kutaja ukanda wa saa mbele ya amri, TZ=Africa/Dar_es_Salaam, badala ya kutegemea namna kompyuta ilivyopangwa dukani.

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba muhuri ulio kwenye kompyuta ni uleule uliogongwa na kamera, na katika kazi halisi dhana hiyo huvunjika mara nyingi, hasa katika hatua ya kunakili. Amri ya cp ikitumiwa peke yake huunda faili jipya lenye mtime ya dakika ileile ya kunakili, hivyo picha za miezi minne zikageuka kuwa za leo zote kwa pamoja. Anayenakili hana budi kuongeza kitufe cha kuhifadhi mihuri, cp -p, au kutumia rsync -a, ambayo ina faida ya pili ya kuendelea ilipoishia endapo umeme utakatika katikati ya kazi. Kwa njia hiyo mtime hubaki ya porini na ctime huwa ya kuingia katika kompyuta, na maswali mawili yaliyotenganishwa awali yanaweza kujibiwa kila moja kwa muhuri wake: stat -c %Y kwa umri wa picha, stat -c %Z kwa muda ambao imekaa katika diski bila kuguswa. Ikumbukwe tu kwamba kubadilisha jina la faili au ruhusa zake husogeza ctime, hivyo folda iliyopangwa upya wiki iliyopita itaonekana kana kwamba iliingia wiki iliyopita.

Kadi zenyewe zina udhaifu wake. Kadi ndogo, za gigabaiti 32 kushuka chini, kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32, ambao huandika saa ya mahali bila kutaja ukanda wake, na kwa hatua za sekunde mbili mbili. Kompyuta ya Linux ambayo imepangwa kuzichukulia saa za kadi kuwa ni za UTC itaisoma picha ya saa 12:30 jioni kana kwamba ilipigwa saa 12:30 jioni ya UTC, na itaionyesha kwa saa ya Tanzania kuwa ya saa 3:30 usiku. Umri wake utapungua kwa saa tatu, na kosa hilo halitatangazwa na ujumbe wowote. Njia ya kuligundua ni kulinganisha muhuri wa faili na maelezo ya Exif, yaani kumbukumbu ambazo kamera huziandika ndani ya picha yenyewe, ambazo hazitikiswi na kunakili wala na ukanda wa saa wa kompyuta. Programu iitwayo exiftool huzisoma, na ikiombwa huzigeuza kuwa sekunde:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam exiftool -s3 -d %s -DateTimeOriginal IMG_0412.JPG

Tofauti ya sekunde 10,800 kati ya namba hii na ile ya stat ni alama ya wazi kwamba ukanda wa saa umesomwa vibaya. Kwa picha, inapasa Exif ipewe imani kuliko mtime kila zinapopingana, isipokuwa saa ya kamera yenyewe iwe imeharibika.

Nayo huharibika. Betri zikiisha katika kamera iliyoachwa porini, au zikichelewa kubadilishwa, kamera nyingi hupoteza saa na kuanza upya kutoka tarehe ya kiwandani, kisha zikaendelea kupiga picha nzuri zenye tarehe za miaka iliyopita. Dawa ni kuwa na picha moja ambayo wakati wake wa kweli unajulikana. Kwa hiyo kila kamera inapotembelewa, kabla kadi haijachomolewa, ni lazima mtu asimame mbele yake akiwa ameshika kifaa cha GPS kinachoonyesha tarehe na saa, ili kamera impige. Saa ya GPS hutoka kwenye setilaiti na haihitaji mtandao wa simu, ambao haupatikani kila mahali nyuma ya ukingo wa kreta. Ikiwa picha hiyo inaonyesha 25 Juni 2024, 08:00 kwenye kioo cha GPS, ilhali muhuri wake unasema 3 Januari 2020, 04:12, pengo hutafutwa hivi:

export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
echo $(( $(date -d '2024-06-25 08:00' +%s) - $(date -d '2020-01-03 04:12' +%s) ))

Jibu ni sekunde 141,277,680, nazo huongezwa kwa kila picha iliyopigwa tangu saa ilipoanza upya:

for f in *.JPG; do
  m=$(stat -c %Y "$f")
  touch -d "@$((m + 141277680))" "$f"
done

Amri ya touch hubadilisha mtime palepale bila kuuliza, na maagizo haya yakiendeshwa mara mbili yatajumlisha pengo mara mbili. Kwa hiyo yaendeshwe juu ya nakala tu, katika folda yenye picha za kamera hiyo moja na za baada ya betri kufa pekee, na pengo lenyewe liandikwe katika faili dogo la maandishi litakalokaa kando ya picha, pamoja na namba ya kadi na mahali kamera ilipofungwa. Picha za kabla ya betri kufa zina saa sahihi, na kuzisogeza pamoja na nyingine ni kuharibu ushahidi uliokuwa mzima. Ikiwa betri zilikufa zaidi ya mara moja katika safari ileile, pengo lililopatikana ni la kipande cha mwisho tu, na vipande vya katikati havina budi kuwekwa kando vikiwa na alama kwamba wakati wake haujulikani.

Saa ya kompyuta nayo inastahili kukaguliwa, kwa kuwa ndiyo nusu ya pili ya kila hesabu. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara inayoilinda saa wakati mashine imezimwa, na ikichoka, mashine huwaka ikiwa na tarehe ya zamani mpaka ipate intaneti na kujirekebisha. Dalili yake ni umri wenye alama ya kutoa, kwani hakuna faili linaloweza kuzaliwa kesho. Lakini kosa dogo la saa chache halitaonekana kwa dalili hiyo, hivyo amri ya date iandikwe kila mara kabla ya kazi kuanza na jibu lake lilinganishwe na simu. Kwa vifaa vya zamani vinavyohifadhi sekunde katika namba ya biti 32 yenye alama, upo mpaka wa mbele pia: hesabu yake hujaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa ya Tanzania, na kifaa kinachonunuliwa leo kwa kazi ya miaka mingi kiulizwe kuhusu hilo kabla ya kulipiwa.

Hatua ya mwisho, ambayo ndiyo husababisha wengi kuulizia umri wa mafaili, ni kufuta. Agizo la kufuta picha zenye zaidi ya siku 90 ni fupi:

find /data/kadi -name '*.JPG' -mtime +90 -print

Neno la mwisho linaorodhesha tu, na orodha hiyo isomwe kwa macho, mwanzo, katikati na mwisho, na angalau picha chache zifunguliwe, kabla ya -print kubadilishwa kuwa -delete. Neno hilo la kufuta lazima libaki mwishoni kabisa, kwa sababu find hutekeleza maneno kwa mpangilio yalivyoandikwa, na likitangulizwa mbele ya masharti ya umri litafuta kila kilichomo katika folda, cha jana na cha mwaka juzi. Katika kuchagua muhuri kwa kazi hii, mtime ina hatari yake: kadi iliyosahaulika porini kwa miezi minne huingia ofisini ikiwa tayari imevuka siku 90, na picha zake zinaweza kufutwa usiku uleule zilipofika, kabla mtu yeyote hajazitazama. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kufuta kwa -ctime +90, ambayo huanza kuhesabu tangu picha ilipoingia katika diski, na kuiacha mtime ifanye kazi ya kueleza mnyama alipita lini.